Iacheni Programu Ife na Ushahidi Wake

Vijana wangu mnaoandika programu, kuna desturi moja inayonitia hofu. Programu inaanguka, mtu anaona jina SIGSEGV, na badala ya kutafuta kosa anatafuta namna ya kuinyamazisha ishara. Anaongeza mistari michache ya kuikamata, programu inaonekana kuendelea, naye anajiona fundi. Hapo hajatengeneza kitu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye kompyuta kifo hicho huja usiku wa manane, wateja wakiwa kazini.

Jueni kwanza ishara hiyo inatoka wapi. Programu yenu haigusi kumbukumbu ya mashine moja kwa moja. Kila anwani inayoitaja hutafsiriwa na prosesa kwanza. Anwani ikikosa tafsiri halali, prosesa husitisha agizo hilo palepale na kuikabidhi kerneli hatamu. Kerneli nayo haina pupa. Mara nyingi hakuna kosa lolote: ukurasa wa kumbukumbu uliahidiwa ila haujaletwa, basi kerneli inauleta na programu inaendelea bila kujua kilichopita. Inapogundua kwamba mchakato huo haukupewa anwani hiyo kamwe, au ulipewa ya kusoma tu nao unataka kuandika, ndipo inapotuma SIGSEGV, ambayo kwenye Linux ni namba 11. Kwa hiyo msiilaumu kerneli kwa ukali. Imekwisha kuchunguza kabla ya kutuma.

Wala msidhani kila kosa litapigiwa kelele. Ishara namba 8, SIGFPE, kwa jina lake ni ya hesabu za desimali, lakini desimali ukiigawa kwa sifuri kwa kawaida unapata tu jibu la "isiyo na kikomo", kimya kimya. Inayoangusha programu ni namba kamili iliyogawanywa kwa sifuri, na hata hiyo ni kwenye prosesa za x86. Kwenye ARM za biti 64 agizo lilelile linarudisha sifuri na safari inaendelea. Kagueni kigawanyo wenyewe.

Sasa tuje kwa huyo anayekamata SIGSEGV. Kipokezi chake, yaani ile mistari ya kuikamata ishara, kikimaliza na kurudi, prosesa inarudi kwenye agizo lilelile lililokosea. Linakosea tena, ishara inakuja tena, na mchakato unazunguka hapo huku ukila prosesa. Akiamua kuipuuza ishara yenyewe, Linux itaua mchakato vilevile, maana hakuna mahali pa kuendelea.

Lakini hatari kubwa iko ndani ya kipokezi. Ishara haibishi hodi. Inaweza kuikuta programu katikati ya malloc, kufuli limeshikwa na orodha za kumbukumbu zimerekebishwa nusu. Kipokezi kikiita malloc, au printf ambayo inaweza kuiita malloc, mchakato unaganda au kumbukumbu inaharibika. Kiwango cha POSIX kimetaja funksheni chache zilizo salama humo: write imo, _exit imo, printf haimo. Vijana wengi husoma hilo wakalipita, wakidhani ni uangalifu wa wazee.

Basi tazameni yaliyoipata OpenSSH, programu inayolinda milango ya seva nyingi duniani na iliyoandikwa na watu makini kuliko wengi wetu. Kwa kawaida, mtu asipojitambulisha ndani ya sekunde 120, ishara ya SIGALRM inamkatia. Kipokezi cha ishara hiyo kilifanya mambo yasiyo salama, kasoro ikarekebishwa mwaka 2006. Oktoba 2020 mabadiliko mengine ya msimbo yakaondoa kinga hiyo bila kukusudia, na kipokezi kikawa tena kinaita syslog, funksheni ya kuandika kumbukumbu za matukio, ambayo kwenye maktaba ya glibc inaweza kuigusa malloc. Julai 2024 kampuni ya Qualys ikatangaza kwamba mshambuliaji mvumilivu, kwa kurudia rudia hadi ishara ianguke wakati hasa anaoutaka, angeweza kuendesha msimbo wake kwa mamlaka ya root bila nywila yoyote. Kuandika mstari mmoja wa kumbukumbu za matukio kulitosha kufungua mlango. OpenBSD haikuguswa, kwa kuwa huko walikuwa wameunda syslog iliyo salama tangu 2001.

Mtaniambia HotSpot, mashine ya Java, hukamata SIGSEGV na kuigeuza kuwa kosa la pointa tupu. Kweli. Lakini HotSpot ilizalisha yenyewe agizo lililokosea, inajua lilipo na pa kurukia baada yake. Ninyi na C yenu hamna ujuzi huo.

Kama ni lazima muwe na kipokezi, kiandike ujumbe mfupi kwa write, kirejeshe tabia ya awali ya ishara, kisha kiiache programu ife. Mkitaka kifanye kazi hata rundo la miito likijaa, kitengeeni rundo lake kwa sigaltstack. Basi, msiongeze.

Programu ikifa, someni namba iliyoacha kwenye terminali. 139 ni 128 na 11: hiyo ni SIGSEGV, tafuteni pointa. 137 ni 128 na 9: hiyo ni SIGKILL, ambayo hakuna programu inayoweza kuikamata, na mara nyingi maana yake ni kwamba kumbukumbu ya mashine imekwisha. Nimeona watu wakikesha kutafuta pointa mbovu wakati kilichohitajika ni kupunguza data.

Na faili la core, yaani nakala ya kumbukumbu ya programu ilipokufa, ndilo ushahidi wenyewe: lifungueni kwa gdb, agizo la bt litawaonyesha mstari uliokosea na njia iliyofika hapo. Leo kabla hamjafunga kazi, andikeni ulimit -c kwenye mashine ya majaribio. Ikijibu 0, huenda faili hilo haliandikwi popote. Rekebisheni hilo kabla ya kuendelea na kitu kingine.