Kudra si kichaka cha kujifichia

Novemba 6, 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43, walifariki 19. Msikitini tukasema: ni kudra ya Allah. Ni kweli, Muislamu hasemi vingine. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwagiza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali. Rubani anayeghairi kutua anafunga ngamia. Na sisi abiria? Mwaka mmoja nikienda Bukoba, ndege yetu iligeuzia Mwanza kwa sababu ya mvua. Nilimlaumu rubani kwa sauti, eti nachelewa semina; wenzangu wakaniunga mkono. Ndugu msomaji, tulikuwa tunamtaka afanye nini?