Mvumilivu Hula Mbivu, Lakini Mti Upi?

Tangu shule ya msingi tunafundishwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Sawa. Lakini yule anayekaa miaka chini ya mpapai dume akingoja papai, naye tumwite mvumilivu?

Swali hili nililipata kwenye mbio za magari. Mwaka 2022 sheria za Formula 1 zilibadilika. Magari yakawa na sakafu yenye mifereji: hewa ikipita chini kwa kasi, gari hunyonywa kuelekea lami na kushika barabara kwenye kona. Mercedes, mabingwa wa timu miaka 8 mfululizo, 2014 hadi 2021, wakaja na W13, gari lenye mbavu nyembamba ajabu. Kwenye kompyuta hesabu zilivutia. Barabarani, balaa tupu! Kasi ikizidi, gari linanyonywa mno, hewa inabanwa, mnyonyo unakatika, gari linaruka. Kisha linanyonywa tena. Wakiliinua, mshiko unapungua. Wakikaza springi, anayepigwa ni dereva. Huko Baku, mwezi Juni, Lewis Hamilton alitoka garini kashika mgongo kama mzee.

Hawakukata tamaa. Msimu mzima walirekebisha sakafu, mabawa na springi, hadi São Paulo, tarehe 13 Novemba, George Russell akawa wa kwanza na Hamilton wa pili. Ungesema mvumilivu kala mbivu. Kumbe wapi! Ulikuwa ushindi wao pekee mwaka ule. Mwaka 2023 walirudi na wazo lilelile, na mwanzoni tu mwa msimu, Bahrain, mkuu wao Toto Wolff akakiri hadharani kwamba gari lile halitafika mbali. Mwezi Mei, Monaco, wakabadili mbavu, sakafu na hata springi za mbele. Je, wakashinda? Hapana. Mwaka 2023 ulikwisha bila ushindi hata mmoja. Walishinda tena 2024. Kusema kweli hakulipi papo hapo, bwana.

Mimi nina riwaya. Kaunta buku nne, miaka mitatu. Shujaa wake ni mtoto wa tajiri anayesoma Ulaya, nami Ulaya sijafika, na utajiri nausikia tu. Sura moja, ile ya mazishi ya mama yake, iliwaliza wenzangu. Sura hiyo ndiyo São Paulo yangu. Kwa ajili yake nimeendelea kuviraka vyote vilivyobaki. Nikirekebisha mazungumzo, kisa kinalegea. Nikikaza kisa, shujaa anakuwa mti mkavu. Kosa haliponi, linahama tu. Nadhani hiyo ndiyo dalili ya kosa lililo kwenye mzizi.

Rafiki yangu ananionya: ukiacha leo, na kesho utaacha, utakufa ukiwa hodari wa kuanza tu. Hofu hiyo ninayo. Lakini wale mafundi hawakuacha mbio, waliacha umbo la gari moja. Hayo ni mambo mawili, na sisi vijana tunayachanganya: kuna anayeacha kwa uvivu, na kuna anayeng'ang'ania kwa sababu anaona aibu kusema, "Nilikosea." Huyu wa pili tunampigia makofi, tunamwita mvumilivu.

Jumamosi nimenunua kaunta buku ya tano. Zile nne sijazichoma. Mazishi yale nitayaandika upya, safari hii mtaani kwetu, ambako matanga nimeyakesha mwenyewe.