Neno Nililoliruka



Mwezi huu nataka tufikiri pamoja juu ya swali moja gumu: je, ni halali kumficha mgonjwa ukweli ili akubali kutibiwa? Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuficha. Dada ninayemtaja ameniruhusu kuandika, bila jina lake.

Yeye si wa kanisa letu, ila ni mtu wa kwetu, pwani ya Kismayo. Wazazi wake walikimbilia Kenya kwa jahazi baada ya vita vya 1991, kama Wabajuni wengi waliofikia kambi ya Jomvu karibu na Mombasa. Alikuwa na miaka 28 na binti mmoja alipoanza kutokwa damu isiyo ya hedhi. Akapimwa, akakutwa na saratani ya shingo ya kizazi, nayo ilikuwa imekwisha kuenea pembeni. Mama anayefasiri siku zote alikuwa na homa, wakaniita mimi. (Mwanamume kufasiri mambo ya kizazi si vizuri, nakubali. Hakukuwa na mwingine.)

Kabla hatujaingia, mumewe alinivuta kando. "Mchungaji, daktari ameniambia hatazaa tena. Hilo usimfasirie. Akijua atakataa, na akikataa atakufa. Heri anichukie akiwa hai."

Daktari akaeleza kwa Kiingereza: mionzi ya nje kwa wiki kadhaa, kisha mionzi ya ndani, pamoja na dawa ya sisiplatini mara moja kwa wiki. Akasema wazi kwamba mionzi hiyo huua mayai ya mwanamke, hedhi hukoma, na kizazi hakibebi mimba tena. Nikafasiri yote, ila nilipofika hapo nikasema tu, "Matibabu haya ni makali, yatakuchosha." Akatikisa kichwa kukubali.

Akatibiwa, akapona. Hata miezi saba akawa anangoja hedhi irudi. Akamwuliza muuguzi, naye akashangaa kwamba hajui. Jioni ile alikuja kwangu, hakuketi. Akasema, "Ningekubali, Mchungaji. Lakini ningekubali mimi."

Baadaye nilisoma habari za Henrietta Lacks, mwanamke mweusi wa Marekani, mama wa watoto watano, aliyetibiwa ugonjwa huu huu kwa radiamu katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, akafa Oktoba 1951 akiwa na miaka 31. Wengi wanamjua kwa sababu chembe za uvimbe wake zilichukuliwa bila kuombwa ruhusa, zikakuzwa maabara, na zinatumika mpaka leo. Lakini kumbukumbu zake za hospitali zina jambo lingine: alipokuja kujua kwamba hatazaa tena, alisema kama angeambiwa mapema asingekubali matibabu. Nilikaa na habari hiyo siku nyingi, kwa maana inampa nguvu yule mume. Wapo ambao wangekataa kweli.

Basi hebu tuulize, kwa nini mwanamke kijana achague kifo kuliko utasa? Si ujinga. Anajua jinsi tunavyomtazama asiyezaa. Anajua mama mkwe atasema nini, na kwamba shemeji watamtafutia mumewe mke mwingine. Hana, mke wa Elkana, alikuwa anapendwa na mumewe, na bado alilia asile chakula, kwa sababu ya maneno ya mwenzake nyumbani. Ukweli wa daktari ulikuwa mzito, lakini sisi ndio tuliouongezea uzito, kisha tukasema hawezi kuubeba. Uongo wangu ulikuwa njia rahisi ya kuacha desturi zetu zilivyo.

Kama angekataa? Ningembishia. Ningeita wanawake wakae naye, ningemkumbusha binti yake, ningerudi kesho yake na kesho kutwa. Kubishana na mtu ni kumheshimu. Mimi nilimvusha mto huku nimemfunga macho.

Neno kwa akina mama, msije mkaogopa kupimwa kwa sababu ya habari hii. Ugonjwa ukikutwa bado haujawa saratani, kwa kupakwa siki tu na kutazamwa, sehemu iliyoanza kuharibika huunguzwa kwa baridi au kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, na mwanamke anaweza kuzaa baadaye. Hata saratani ndogo huweza kukatwa kizazi kikabaki, kukiwa na mpasuaji aliyefunzwa. Dada yetu alichelewa. Nao wasichana wapate chanjo. Kenya ilianza kuitoa mwaka 2019 kwa walio na miaka 10. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wanawake kama 350,000 waliokufa kwa ugonjwa huu mwaka 2022, wengi wao katika nchi maskini.

Mume wake hajaoa mwingine. Namsifu kwa hilo, na sidhani alikuwa mtu mbaya siku ile, aliogopa. Binti yao sasa anasoma darasa la tatu.

Mwaka jana niliitwa tena kufasiri. Mama mkwe wa mgonjwa alinisubiri mlangoni na ombi lile lile. Nikamwambia nitafasiri kila neno. Akanishukuru kwa adabu, akaenda kutafuta mfasiri mwingine.