Ajali na Dhamana ya Njia

Watu wetu wana neno moja lililowastarehesha sana: "Ajali haina kinga." Gari likipinduka, au mtoto akigongwa akivuka kwenda chuoni, neno hili hutamkwa, kisha kila mtu huenda zake. Na tulitazame neno lenyewe. Ajali kwa asili yake ya Kiarabu ni muda aliowekewa mtu na Mola wake, usiotangulia wala kukawia. Sisi Waswahili tumelichukua tukalifanya jina la kugongana kwa magari. Kwa hivyo kila tulitajapo, kabla ya kuuliza lolote, tumekwisha kumtoa hatiani aliyeijenga njia, na kosa lake tumelipeleka kwenye kadari.

Fikiri, ewe msomaji, juu ya tuta lililowekwa katikati ya njia bila ya kupakwa rangi wala kutanguliwa na kibao cha kuonya. Mchana laonekana. Usiku wa mvua, mwenye pikipiki halioni ila akisharushwa. Muda wake ulikuwa umefika, hilo hatulikanushi. Lakini aliyeuawa kwa kisu naye muda wake ulikuwa umefika, wala hapana kadhi aliyemwachilia muuaji kwa hoja hiyo.

Wanavyuoni wa fikihi walilipambanua jambo hili kabla ya gari kuwako. Mwenye kuchimba shimo katika njia ya watu bila ya haki, mpita njia akatumbukia akafa, dhamana ni juu ya mchimbaji, hata kama saa ile alikuwa amelala kwake. Hawakutaka kwanza kujua kama alikusudia kuua. Na tuta lisiloonekana lina tofauti gani na shimo? Mtu wa serikali atasema kwamba yeye ana idhini ya kujenga. Ndiyo, lakini idhini aliyopewa ni ya kuwafaa wapitao, si ya kuwategea.

Tena njia hutengenezeka. Mteremko wa Sachangwan na Salgaa, baina ya Eldoret na Nakuru, uliua watu miaka mingi huku madereva wakilaumiwa. Tarehe 31 Desemba 2017 walikufa hapo, upande wa Migaa, watu 36 kwa uchache. Mwaka 2018 pakawekwa vizuizi vya zege katikati, kutenga magari yapandayo na yashukayo. Kwa nini visiwekwe kabla?

Lakini kuilaumu serikali peke yake ni kutamu mno. Vibao vya alama hung'olewa usiku vikauzwa kwa kilo. Aliyeng'oa ni mwizi. Na aliyenunua, hali ayaona maandishi juu ya chuma, tumwite nani? Na mwenye duka aliyesukuma bidhaa zake hadi ukingoni mwa lami, akamlazimisha mama na mtoto wake kushuka mbele ya matatu, naye amechimba shimo lake. Mtume (S.A.W.) alihesabu kuondoa lenye kuudhi njiani kuwa katika matawi ya imani, sisi twaliweka, kisha twashindania safu ya mbele.

Msikiti wenye tuta la namna hii mbele yake, imamu na wazee na wawaandikie wenye barabara, wataje mahali na saa ambazo watu huanguka, na nakala waiweke. Akianguka mtu baada ya barua kupokewa, hapatakuwa na wa kusema kwamba hakujua.