Jembe la Mgeni

Wahenga walituusia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Je, jembe hilo ni la kumfukuza mgeni au la kumkaribisha?

Swali hili lilinijia Tübingen, kusini mwa Ujerumani, nilikokwenda mwaka mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Majuma ya mwanzo kila mtu alinihudumia; nilishukuru, lakini nilikuwa mpweke. Jioni moja nikakuta kibao kimetundikwa mlangoni kwangu: Kehrwoche. Katika eneo hilo kibao huhama mlango hadi mlango, na aliyefikiwa na zamu hufagia ngazi na njia juma zima. Moyo uliniuma, nikadhani nimedharauliwa. Lakini nilipokuwa nikifagia, jirani ambaye hakuwahi kunisemesha alisimama, akanionyesha pembe niliyoisahau.

Kant, katika andiko lake la mwaka 1795 juu ya amani ya milele, alimpa mgeni haki ya kuzuru, si ya kukaa. Haki hiyo humkinga asidhuriwe, haimpi zamu. Anayeandaliwa daima huheshimiwa, ila hahitajiwi, na utu haukamiliki kwa kupokea tu.

Basi, ewe msomaji, mgeni wako akishapumzika, usione haya kumpa ufagio.