Hiari na Deni la Msanifu Majengo

Atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro hadi Kibaha, au apitaye Pugu kwenda Kisarawe, haendi mbali bila kuona nyumba inayojengwa. Hapa msingi umechimbwa, pale matofali yamepangwa chini ya mwembe yakingoja fedha za mwenyewe, na mbele kidogo imesimama ghorofa mahali ambapo juzi palikuwa na mihogo. Ukiuliza nyumba ni ya nani, utatajiwa mwenyewe. Ukiuliza ameijenga nani, utatajiwa fundi. Ukiuliza ni nani aliyeifikiri kabla haijajengwa, watu watatazamana.

Aliyeifikiri, pale alipokuwapo, ni msanifu majengo. Yafaa tumjue mtu huyu, na njia ya kumjua si majengo yake peke yake. Iko kazi nyingine aifanyayo bila malipo, jioni na siku za mapumziko, katika chama cha wenzake wa taaluma. Katika kazi hiyo mna swali la maadili litupasalo sote: mwenye ujuzi wa kulipwa, akitoa saa zake bure, je, anatoa zawadi au analipa deni?

Msomaji asichanganye chama na Bodi. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ni chombo cha Serikali, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na sheria hiyo ikatungwa upya mwaka 2010. Bodi husajili, na yaweza kumfutia mtu usajili wake. Chama ni cha wasanifu wenyewe. Wanaokaa katika kamati zake hupitia rasimu za kanuni za ujenzi, huandaa mafunzo, huwaongoza vijana waliotoka chuoni, husuluhisha wenzao waliogombana. Ni kazi za makaratasi na vikao, nyingine za kuchosha, na hakuna jengo litakaloandikwa jina la aliyezifanya.

Sasa tutazame hiari tuliyoizoea. Uzaramoni, nyumba ya miti na udongo haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mwenye nyumba alikata nguzo na fito, akasimamisha, akafunga kamba. Lakini siku ya kukandika majirani waliitwa. Wanawake waliteka maji, vijana walikanyaga udongo, na nyumbani kwa mwenyeji chungu kilikuwa jikoni tangu alfajiri. Hapakuwa na ujira wala daftari, ingawa kila mmoja alikumbuka. Aliyekandikiwa mwaka huu akikosekana siku ya kumkandikia mwenzake, maneno yalimfikia kabla ya magharibi. Hiari ya ujima ilikuwa na macho: mtoaji na mpokeaji walijuana, wakalala umbali wa kusikilizana sauti.

Hiari ya msanifu katika chama haina macho hayo. Anayesahihisha kifungu cha kanuni ya ngazi za dharura hatamwona kamwe mtoto atakayeteremka salama kwa ngazi hizo miaka thelathini baadaye, wala mtoto huyo hatajua kwamba palikuwa na mtu wa kushukuriwa.

Wapo wasemao kwamba ni deni, nao wana hoja nzito. Taifa hili lilianza likiwa na wasanifu wazalendo wachache mno. Hata shule na zahanati za Tumbi, Kibaha, zilianza miaka ya 1960 kwa mradi wa nchi za Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi, zikakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Marehemu Beda Amuli, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2016, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa wasanifu majengo, na elimu hiyo aliifuata Haifa, Israeli. Aliporudi alituachia Soko la Kariakoo la miaka ya 1970, lenye paa la zege mfano wa miavuli iliyogeuzwa ikikinga mvua. Waliofuata walisomeshwa hapa hapa, wengi katika Chuo cha Ardhi, ambacho tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu. Na nyuma ya kila mmoja wao yupo mkulima wa korosho au wa pamba aliyelipa kodi. Basi, wasema hao, na arudishe.

Nakubali, ila si kwa moyo wote. Deni lina kikomo. Likilipwa, mdaiwa huenda zake. Na kama ni deni tu, mwalimu, mganga na karani wanadaiwa vile vile, tusione sababu ya kumtaja msanifu peke yake.

Wengine huguna. Wasema chama cha wataalamu ni ukuta wa kulinda mkate: watu hukutana kupanga viwango vya malipo na kumfungia fundi mlango. Sioni haja ya kuwapamba wasanifu. Jambo hilo hutokea katika kila chama cha wenye ujuzi, hata vya sisi watunga mashairi, ambao hatuna mkate wowote wa kulinda na bado twagombea viti.

Lakini hoja zote mbili zinaliruka jambo moja. Waswahili husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo yatoka zama ambazo aingiaye ndani aliweza kuinua macho akaona boriti, fito na makuti, akapima mwenyewe. Katika nyumba ya zege, hata aliye ndani haoni nondo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa Kisutu, Dar es Salaam, liliporomoka asubuhi na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, likaua wafanyabiashara na wateja wao. Sisemi kosa lilikuwa la msanifu. Ujenzi una mikono mingi, na wenye kuhukumu wapo. Nasema kwamba maelfu walipita chini ya majengo hayo wakayaona mazima, kwa kuwa macho ya kuona udhaifu wake hawakuwa nayo. Twaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ule ufa ulio bado katika karatasi ya ramani, nani atauona?

Atauona mwenzake mwenye ujuzi huo huo, akitaka kuutazama. Hapo ndipo hiari inapoingia. Sheria huweza kumwadhibu mtu baada ya tukio, na huweza kumdai vyeti kabla yake, lakini haiwezi kumfanya mtu apende kuangalia kazi ambayo hakulipwa kuiangalia. Kijana mmoja msanifu, mkazi wa Kibaha, nilipomdadisi kwa nini anajichosha na vikao, alinijibu: "Mzee, mteja hunilipa kwa nyumba yake. Ya jirani yake inalipiwa na nani?"

Jibu hilo limenikaa. Nyumba ya jirani haina mteja, na chama, kikiwa chama kweli, ndicho kinachoishughulikia. Kwa hiyo siiiti kazi hiyo zawadi wala deni. Ni ujima uliolazimika kwenda mbali na macho, ukabaki na dhamiri peke yake ya kuusimamia.

Hata hivyo kipimo chake nakiona Kisarawe kuliko mjini. Huko nyumba nyingi bado hujengwa na fundi asiye na ramani, kwa mwenye nyumba asiyeweza kumlipa msanifu hata akitaka. Ikiwa saa za hiari za wasanifu zitaishia kwenye kanuni za maghorofa, jirani wa Kisarawe atakuwa amesahauliwa na ujima wenyewe. Ramani nyepesi ya vyumba viwili ambayo fundi aweza kuisoma, mafunzo ya siku tatu juu ya msingi na mkanda wa zege, neno moja juu ya upana wa upenu kwa ukuta wa udongo: hayo ni madogo kwa mjuzi, na kwa familia ni tofauti ya nyumba ya masika mawili na ya miaka arobaini.

Walimu wa Kibaha na wa Minaki, shule iliyoanza mwaka 1925, wana nafasi hapa. Watoeni wanafunzi nje saa nane mchana. Waulizeni kwa nini kuta ndefu za darasa lao zimeelekezwa huku na si kule, jua la jioni linaingia wapi, maji ya paa yanakwenda wapi. Kisha mwalikeni msanifu mmoja wa chama hicho aje kujibu watakayokosea, naye hatadai nauli. Wanafunzi wamwulize kazi zake, na wamwulize pia ni nani aliyekaa naye jioni akimwonyesha makosa ya ramani yake ya kwanza.