Haki ya Mtu Tusiyemwafiki

Je, mtu awapingaye wenye mamlaka huijenga nchi ama huibomoa? Swali hili ni la zamani, lakini halina budi kuulizwa upya katika kila kizazi, kwa maana kila kizazi hushawishika kulijibu kwa haraka.

Wakulima wa Madibira, katika Wilaya ya Mbarali, walijua swali hili hata wasipotaja siasa. Maji ya mpunga wao hutoka mto Ndembera, huingia banioni, kisha hugawanywa kwa mifereji hadi majarubani. Mwenye jaruba lililo karibu na mfereji mkuu huona kuwa mgao ni sawa, kwa kuwa maji humfikia. Mwenye jaruba la mwisho huona jambo jingine. Siku asimamapo mkutanoni kunena, wapo watakaomwita mkorofi. Lakini asiponena, wenzake watajuaje kuwa maji hayamfikii? Huenda amekosea, na pengine jaruba lake mwenyewe ndilo halikusawazishwa vema. Hata hilo hujulikana baada ya kumsikiliza.

Twayasema haya tukiyatafakari maisha ya Bwana Tundu Lissu. Alizaliwa mwaka 1968 huko Ikungi, Singida, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Uingereza. Wakili mwenye elimu ya namna hiyo angaliweza kujitafutia mali kwa kuwatetea matajiri. Yeye alijiunga na mawakili watetezi wa mazingira, akashika madai ya wachimbaji wadogo wa dhahabu walioondolewa Bulyanhulu mwaka 1996. Kwa ajili ya madai hayo alishitakiwa kwa uchochezi mwaka 2002. Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Singida Mashariki kwa tiketi ya Chadema, akarudishwa tena mwaka 2015. Na Machi 2017 mawakili wenzake walimchagua kuwa Rais wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika.

Wapo wasemao kwamba wakili aingiaye katika siasa huiacha haki na kuufuata ukubwa. Neno hili lastahili kupimwa. Mahakamani wakili huusemea upande mmoja tu, wala hakosi, kwa sababu upande wa pili una msemaji wake, na juu yao yupo hakimu. Mwanasiasa hana hakimu wa namna hiyo mbele yake. Akiendelea na desturi ya kunena yale tu yaufaayo upande wake, atawapotosha wasikilizaji. Bwana Lissu ana ulimi mkali, na hata baadhi ya wapenda mageuzi wameona kuwa maneno yake huchoma kupita kiasi. Kumpima kwa maneno yake ni halali, na ni wajibu wa kila raia mwenye akili.

Lakini zipo dhuluma ambazo mahakama haiwezi kuziponya, kwa kuwa chanzo chake kimo ndani ya sheria yenyewe. Hakimu huamua kwa sheria aliyoikuta. Anayetaka sheria ibadilishwe sharti aende mahali zitungwapo sheria. Kwa hiyo njia itokayo mahakamani kwenda bungeni yaweza kuwa njia ile ile ya haki, mradi aiendaye asibadili nia.

Njia hiyo ilikuwa ya gharama. Septemba 7, 2017, akirejea nyumbani kutoka bungeni Dodoma, alipigwa risasi 16. Alipelekwa Nairobi, kisha Ubelgiji, akatibiwa kwa muda mrefu. Mwaka 2019, akiwa bado ng'ambo, kiti chake bungeni kilitangazwa kuwa wazi. Alirudi mwaka 2020 akagombea urais, akashindwa kwa hesabu zilizotangazwa, akaondoka tena. Januari 2025 alichaguliwa Mwenyekiti wa chama chake. Aprili 9 mwaka huo alikamatwa Mbinga, na kesho yake akasomewa shitaka la uhaini, kosa lisilo na dhamana, ambalo adhabu yake ni kifo. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika chama chake kikiwa kimeachwa nje, na katika siku hizo damu ya wananchi ilimwagika.

Hatuandiki ili kumpigia mtu kura. Twauliza jambo moja: siku risasi zile zilipolia, sisi tulisema nini majumbani mwetu? Wako waliolia, wako pia waliosema kuwa amejitakia. Miaka minane ikapita, wala hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa tendo lile. Mwenye kunena kwamba amejitakia amekwisha kukubali kuwa hukumu yaweza kutolewa njiani, pasipo shitaka wala utetezi. Akishakubali hivyo kwa mtu asiyempenda, atamtetea nani siku itakapomfikia mwanawe?

Nchi yetu imepata kufundishwa somo hili. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere alishitakiwa na serikali ya kikoloni kwa kuwakashifu maofisa wake katika gazeti la Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mtu yule aliyesimama kizimbani ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1961 na Rais mwaka 1962. Tena, Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuta watu wapatao 80 katika kila 100 waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo ilishauri kwamba vyama vingi viruhusiwe, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wengi walikuwa na haki ya kutawala, lakini haki hiyo haikuwapa ruhusa ya kuwafunga vinywa wachache.

Basi yatupasa sisi wazazi kuanza nyumbani. Mtoto asikiapo baba akicheka majeraha ya mtu wa chama kingine hujifunza kuwa utu hutolewa pamoja na kadi ya chama. Asikiapo mama akisema, "Simkubali mtu huyu, lakini asikilizwe, na asidhurike," hujifunza uraia. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, walisema wazee. Tumpinge mpinzani kwa hoja pale tuonapo amekosea. Na anapodhulumiwa, tumtetee kwa sauti ile ile tuliyompingia. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumeitetea nafsi yetu tu, tukadhani tunaitetea haki.